Zilizopendwa Zavuma Kitengela, Wenyewe Hawatajwi

Na Mwandishi Wetu

Neno "zilizopendwa" lina uongo mdogo ndani yake. Mwanafunzi yeyote wa sarufi atakwambia kwamba hiyo "li" ni alama ya wakati uliopita: nyimbo hizo zilipendwa zamani, na sasa basi. Lakini mtu atakayeshuka Kitengela usiku wa Jumamosi, akasimama kando ya barabara kuu iendayo Namanga, ataona kwamba sarufi imeshindwa. Nyimbo hizo zapendwa leo, tena zapendwa kwa pesa taslimu.

Nilikwenda huko kumtazama mpwa wangu aliyehamia kwa ajili ya kazi. Baada ya sala ya Isha tuliketi nje ya nyumba yake tukinywa kahawa, na upepo wa bara, ambao ni mkavu na una baridi ya kuuma masikio, ukatuletea sauti ya magitaa. Gitaa la pili lilikuwa likizunguka palepale kama gurudumu la cherehani, la kwanza likilijibu kwa juu, na besi ikitembea chini yao bila haraka, kama mzee aendaye msikitini na wakati bado anao. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Mtindo huo niliujua tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, nikirudi nyumbani na juzuu yangu kwapani, na redio ya jirani ikiimba dirishani.

Mahali zilipotoka sauti hizo ni mahali pa vileo, nami si mtu wa kuingia huko. Basi habari hizi nazisimulia kama mtu aliyesikia kutoka nje, na huenda kusikia kutoka nje kuna faida yake. Aliye ndani hutazama taa na wachezaji. Aliye nje husikia wimbo peke yake, na humjia swali ambalo aliye ndani hana nafasi ya kuliuliza: ni nani hawa wapigao?

Mpwa wangu alinieleza kwamba karibu kila wiki hubandikwa matangazo barabarani, jina la bendi ya zamani likiwa kwa herufi kubwa. Moja ya majina hayo nalijua sana, na sitalitaja hapa. Nilimwuliza wapigaji ni akina nani, maana waliokuwa na jina hilo nilidhani wamekwisha tangulia mbele ya haki. Akanijibu kwamba ni vijana, isipokuwa mzee mmoja tu, na hata huyo hakuna ajuaye kama alikuwamo katika bendi ya asili au la. Wala hakuna aulizaye, mradi wimbo ni ule ule.

MJI WA WATU WALIOTOKA KWINGINE

Msomaji wa pwani ambaye hajafika Kitengela afahamu kwamba mji huo uko kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, ndani ya Kaunti ya Kajiado. Hapo kale palikuwa uwanda wa malisho wa Wamaasai, unaopakana na mbuga ya wanyama ya Nairobi, na hata leo twiga na pundamilia hawajasahau njia zao. Viwanda vya eneo la Athi River vilipoongezeka katika miaka ya 1990, na kodi za nyumba za Nairobi zilipopanda, watu walianza kununua viwanja huko. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000.

Basi Kitengela ni mji wa watu waliotoka kwingine. Kuna Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mluhya, Mtaita, na kijana wa Mombasa kama huyu mpwa wangu, wote wakiwa majirani wa Mmaasai mwenye ardhi yake. Hawana ngoma moja wala lugha moja ya nyumbani. Walicho nacho kwa pamoja ni Kiswahili, na nyimbo za Kiswahili zilizopigwa redioni walipokuwa wadogo. Ukitaka kuwakutanisha Jumamosi watu wa namna hiyo, wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wenye mishahara na gari moja moja, huna wimbo mwingine wa kuwachezea ila huo. Wenye majumba ya starehe wamekwisha ligundua jambo hilo, na kutoka Kitengela limeshuka na barabara mpaka Kajiado mjini.

Na barabara hiyo yenyewe ina hadithi. Ndiyo itokayo Nairobi, ikapita Athi River, Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil, ikafika Namanga mpakani na kuendelea mpaka Arusha. Yaani ndiyo iliyoziunganisha nchi mbili ambazo kati yao ulizaliwa muziki huu unaopigwa sasa kando yake.

KUTOKA TANGA HADI NAIROBI

Ndugu watatu wa ukoo wa Kinyonga, yaani Wilson Peter, George Peter na William Peter, walikuwa vijana wa Tanga, mji wa pwani kama miji yetu. Wilson na George walianza katika bendi ya Jamhuri Jazz hukohuko Tanga, kisha wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz pamoja na William, na mwaka 1971 wakaingia Kenya, ambako bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Kiswahili chao kilikuwa cha mtu aliyelelewa nacho, si cha kujifunza ukubwani, na hiyo ni sababu moja ya nyimbo zao kudumu: mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu wote waliyafahamu maneno bila kuuliza.

Mwaka 1978 bendi hiyo iligawanyika. Omar Shabani, mpigaji wa gitaa la pili ambaye watu walimwita Profesa Omari, alitoka pamoja na wenzake wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akawa mmoja wa nguzo zake. Hapo ndipo ulipotoka wimbo "Sina Makosa", ambao hata mtoto aliyezaliwa juzi atakuimbia kiitikio chake. Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika Stars. Kwa hiyo tangu zamani jina la Wanyika lilikuwa na matawi, kama ukoo, na aliyesema "Wanyika wanapiga leo" ilimpasa aulizwe ni Wanyika gani.

Wakumbuke wasomaji kwamba mambo hayo yalitukia katika miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Lango la Namanga lilikuwa limefungwa wakati ule ule ambao nyimbo za vijana wa Tanga zilikuwa zikivuma Nairobi. Gari halikupita, gunia la mahindi halikupita, lakini wimbo ulipita, kwa kuwa mawimbi ya redio hayaombwi pasipoti.

Hawakuwa peke yao. Kutoka Zaire ya wakati huo alikuja Baba Gaston na bendi yake, na mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wake wakajitenga wakaunda Les Mangelepa. Jeshi la Kenya lilikuwa na Maroon Commandos, iliyoongozwa na Habel Kifoto, mtu wa Taita. Na kutoka Kaloleni, katika Kilifi yetu, akina Harrison walianzisha Them Mushrooms mwaka 1972, wakapiga katika mahoteli ya watalii ya pwani, kisha mwaka 1987 wakahamia Nairobi. Wimbo wao "Jambo Bwana" umezunguka dunia kuliko mabaharia wengi.

Kisha zikaja siku za kiangazi. Kanda za kaseti zilizonakiliwa bila idhini ziliua biashara ya sahani za santuri. Disko lilimpa mwenye ukumbi nafasi ya kulipa mtu mmoja badala ya kumi, na kinanda cha umeme kikafanya kazi ya tarumbeta, ngoma na besi kwa pamoja. Redio za binafsi zilizoanza katika miaka ya 1990 zikawapa vijana muziki wao. Na mauti nayo hayakungoja. George Peter Kinyonga alifariki mwaka 1992, na Wilson Peter akamfuata mwaka 1995. Karne hii ilipoanza, Omar Shabani na John Ngereza nao walikuwa wametangulia.

Mtu angedhani hadithi imekwisha. Lakini wale waliokuwa na miaka 15 wakati wa "Sina Makosa" wamekuwa watu wazima wenye watoto waliooa, na mtu akifika umri huo hurejea kutafuta alichokisikia alipokuwa hana deni wala ugonjwa wa sukari. Si kwamba nyimbo za leo ni mbaya. Ni kwamba nyimbo za leo hazikuwapo siku ile alipopata kazi yake ya kwanza.

MAREKANI WANA YAO

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Kitengela tu. Huko Marekani kuna roki ya vijana iitwayo pop punk, yenye magitaa makali, ngoma za haraka na maneno ya kijana aliyegombana na wazazi wake. Ilivuma katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, kisha ikapoa. Mwaka 2022 ikaandaliwa tamasha kubwa Las Vegas, nalo likapewa jina ambalo kwa Kiswahili ni "Tulipokuwa Vijana". Tazama, hata wao wametia wakati uliopita katika jina! Watu walisafiri kutoka miji ya mbali, na siku ya kwanza ikafutwa kwa sababu ya upepo mkali, lakini tamasha liliendelea na mwaka uliofuata likarudi tena.

Mwaka huo huo wa 2022 bendi ya Blink-182 ilitangaza kwamba Tom DeLonge, aliyekuwa ametoka, amerudi kwa wenzake, na mwaka 2023 wakaanza ziara ya nchi nyingi. Green Day walizunguka mwaka 2024 wakipiga kwa ukamilifu albamu yao ya mwaka 1994 na ile ya mwaka 2004, kuadhimisha miaka 30 ya moja na 20 ya nyingine. Mwimbaji wao, Billie Joe Armstrong, alizaliwa mwaka 1972. Huyo ni rika letu sisi wenye mvi, naye bado anaruka jukwaani kama mtoto wa shule, na waliokuja kumtazama ni wazazi waliowaleta watoto wao.

Basi kiu ni moja, ya Las Vegas na ya Kitengela. Mtu hanunui wimbo, maana wimbo anao tayari katika simu yake. Anunua saa mbili za kuwa pamoja na watu wanaokumbuka anachokumbuka yeye. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Kule walio wengi hurudi wenyewe. Kwetu aghalabu hurudi jina. Mwanamuziki wa kule akirudi jukwaani hulipwa, na wimbo wake ukipigwa redioni hulipwa tena. Wa kwetu wengi walilipwa mara moja siku ya kurekodi, wakarudi kupiga usiku kwa mshahara wa mwenye ukumbi, na walipofariki hawakuacha mkataba wala hati. Kwa hiyo anayelichukua jina leo halichukui kwa mtu. Aliokota kitu ambacho mwenyewe hayupo kukidai.

Wako waliobahatika kuvuna kwa mikono yao. Les Mangelepa walipata kurekodi albamu mpya na kuitoa mwaka 2017, na jina walilolipa kwa Kiingereza lina maana ya bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Jina hilo lina fahari, na lina huzuni vilevile.

DEREVA WA KAJIADO

Siku ya pili nilipanda matatu kwenda Kajiado mjini. Wazee wa huko husema kwamba jina hilo latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ijapokuwa siku ile mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Dereva alikuwa kijana ambaye kwa kukadiria hakuwa amefika miaka 30. Tangu tulipoiacha Kitengela mpaka Isinya alipiga nyimbo hizo hizo, naye akiimba pamoja nazo bila kukosa neno, hata pale mwimbaji anapovuta pumzi alivuta naye. Nilifurahi, maana nilidhani nimepata mwanafunzi wa fani.

Nikamwuliza ulioimbwa sasa hivi ni wimbo wa nani. Akanijibu bila kusita kwamba ni wa Zilizopendwa. Nikadhani hakunisikia, nikarudia: mwimbaji ni nani? Akasema ni Zilizopendwa tu, ndivyo ulivyoandikwa katika kile kidude alichokichomeka redioni.

Sikumlaumu. Ndivyo alivyoupokea. Lakini niliketi kimya mpaka Kajiado nikilifikiria jibu lake. Wilson na George Kinyonga, Omar Shabani, John Ngereza, Fundi Konde, Daudi Kabaka, Fadhili William, wote wametiwa katika gunia moja na gunia limepewa jina la mtu. Wimbo umeishi, alhamdulillahi, lakini mwenye wimbo amekufa mara ya pili.

Na madhara ya jambo hili twayajua sisi wa pwani kuliko wengine. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William na kuimbwa na Miriam Makeba mpaka ukajulikana dunia nzima, lakini hadi alipofariki Fadhili mwaka 2001 ugomvi wa nani aliyeutunga ulikuwa haujesha, maana wako wengine waliosema ni wao. Wimbo ambao jina la mtungaji halikushikwa vizuri tangu mwanzo huzaa kesi, na kesi humnufaisha asiyeimba.

HAKI YA MJA

Najua baadhi ya wasomaji watauliza: wewe mtu uliyesoma chuoni, umeona nini katika muziki wa majumba ya pombe hata ukawaandikia Waislamu? Sitoi fatwa, maana wenye kutoa fatwa wako, na juu ya muziki wenyewe wanavyuoni wana kauli zao. Pombe ni haramu na hilo halina mjadala. Lakini jasho la mtu ni jasho la mtu. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba haki ya Mwenyezi Mungu Yeye mwenyewe ni Mwingi wa kusamehe, lakini haki ya mja haina wa kuisamehe ila mja huyo. Na akifa mja, mali yake ina warithi, wala si ya apitaye njiani.

Sheria ya nchi nayo yasema hivyo kwa lugha yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yamlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Fanya hesabu: kazi aliyoitunga Wilson Peter Kinyonga ina ulinzi mpaka mwisho wa mwaka 2045, na ya Fadhili William mpaka mwisho wa mwaka 2051. Chama cha kukusanya malipo ya wanamuziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, na ukumbi upigao muziki hutakiwa kuwa na leseni. Kwa hiyo anayesema nyimbo za zamani ni za bure, hasemi kweli.

Wala sisemi vijana wasipige nyimbo hizo. La hasha. Lau si wao zingenyamaza, na kijana aliyejifunza gitaa la Profesa Omari mpaka akanidanganya mimi niliye nje, huyo amefanya kazi. Mfano mwema tunao: akina Harrison wa Them Mushrooms walipozirudia nyimbo za zamani katika miaka ya 1990, walimtafuta mzee Fundi Konde, ambaye alikuwa bado hai, wakafanya kazi pamoja naye. Hawakulichukua jina wakamwacha mwenyewe. Unguja nako kuna Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Wanachama wa kwanza wote wamekufa, lakini hakuna asemaye jina hilo limeibwa, kwa kuwa ni jina la chama, na wanachama wamepokezana mmoja baada ya mwingine. Jina laweza kuwashinda watu umri. Linalotakiwa ni lipokewe kwa mkono, lisiokotwe.

Sisi watunzi wa mashairi tuna desturi ya zamani. Ubeti wa mwisho mshairi hulitaja jina lake, na mara nyingi mji wake, ndipo apige muhuri wa tamati. Wengine huona ni majivuno. Si majivuno. Ni kuzuia shairi lisije likawa mtoto wa kuokotwa, na ndiyo maana mashairi yaliyotungwa kabla ya babu zetu kuzaliwa twaweza leo kusema ni ya fulani.

Basi ombi langu kwa wenye bendi wa Kitengela na Kajiado si kubwa. Andikeni katika tangazo jina lenu wenyewe, na chini yake mseme mtapiga nyimbo za nani. Kabla ya kupiga, mwimbaji ashike kipaza sauti aseme: huu ni wa fulani, mtu wa Tanga, au mtu wa Taita, au mtu wa Kaloleni. Haitachukua dakika. Mwenye ukumbi naye alipe leseni yake, na wanaokusanya malipo wayafikishe kwa wajane na watoto, maana wapo, na wengine wao huenda wanakaa mitaa hiyo hiyo wakiisikia sauti ya baba yao Jumamosi usiku kutoka nje, kama nilivyoisikia mimi.

Nilipokuwa nikishuka Kajiado nilimtajia yule dereva jina la mwimbaji. Akaniomba nilirudie, akalitamka polepole, kisha akacheka akasema kumbe ni mtu. Naam, ni mtu.